Chai Bila Sukari

Karibu miaka miwili nilikunywa chai bila sukari, na sina ugonjwa wa sukari. Sijawahi kuwa nao. Nilikuwa na ugonjwa mwingine ambao mama yangu hakuweza kuutaja mbele ya wanawake wa kanisa, basi akataja ule uliokuja mdomoni kwanza. Watu wetu wa Tetu ni wakarimu, na ukishawaambia mtoto wako ana sukari hawasahau. Kila nyumba niliyoingia, kikombe changu kiliwekwa kando kabla sukari haijatiwa. Nami nikanywa, nikasema asante.

Ninaandika haya nikiwa nimetulia. Sitasema nimepona, neno hilo naliogopa. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ameketi kwenye benchi la kliniki na kadi yake ameificha ndani ya Biblia, kama nilivyokuwa nikiificha yangu. Na kama wewe ni mchezaji na unasubiri timu ikusajili, vumilia usome mpaka mwisho, hata kama hutafurahi.

Naitwa Wangeci, kifungua mimba wa nyumba yetu, mtu wa Giakanja. Nacheza voliboli, na mimi ni seta. Seta ndiye anayegusa mpira wa pili. Mwenzako anaupokea ukitoka ng'ambo ya wavu, wewe unauinua kwa ncha za vidole, mpigaji anaruka na kuumaliza. Watu hushangilia mpigaji. Seta hujulikana na wachezaji wenzake tu, na mali yake yote ni vidole kumi. Vidole vikiyumba hata kidogo, mpira unaguswa mara mbili, refa anapuliza filimbi na pointi inakwenda kwa wengine.

Ugonjwa ulinianza Aprili, wakati wa mvua ya njahi, yaani masika yetu, nikiwa na miaka ishirini na moja na nikichezea chuo mjini Nyeri. Ulianza kwa raha, na hilo watu hawaambiwi. Nilikuwa sichoki. Nilikuwa silali na sioni hasara ya kutolala. Niliongea haraka mpaka wenzangu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Nikaamua kwamba nitajenga uwanja wa voliboli wenye paa pale Gatitu, nikaenda na kamba na vijiti kupima shamba la mtu, mvua ikininyeshea. Mwenye shamba alipotoka kuniuliza mimi ni nani, nilimwambia aanze kuhamisha mahindi yake.

Aliyekuja kunichukua ni Baba. Alikuja na gambuti zake za shambani, akanishika mkono kama mtoto wa nasari. “Twende nyumbani,” akasema. “Tutapima kesho.” Hatukwenda nyumbani.

Nilikaa wodini wiki saba. Nakumbuka uji, na nakumbuka sweta ya Baba niliyoivaa juu ya nguo za hospitali, yenye harufu ya ng'ombe wetu. Mengine sitaki kuyakumbuka. Nilitoka mwisho wa Juni, na Julai ikanikuta kitandani. Anayeijua Julai ya huku anajua: ukungu hautoki mpaka saa sita, nguo hazikauki, mlima unaweza kukosa kuonekana wiki nzima. Ile raha ya Aprili iliondoka na kila kitu. Hata huzuni sikuwa nayo, maana huzuni nayo inataka nguvu. Kuoga ilikuwa kazi ya siku nzima. Mama alikuwa akinitoa kitandani kwa kunivuta, ananipeleka jikoni niote moto, nami nakaa hapo hapo aliponiweka mpaka aje kunirudisha.

Mama yangu si mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu utamkasirikia. Jumapili moja ya mwezi huo akina mama watatu wa kanisa walipita kunijulia hali. Niliketi nao nikitazama magoti yangu.

“Mama Wangeci,” mmoja akauliza, “kwani huyu msichana ako na nini? Amekuwa mnyonge hivi.”

Nilimwona Mama akiangalia meza. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai, vikombe, na kibakuli cha sukari.

“Ni sukari,” akasema. “Wametuambia ni sukari.”

“Ngai. Na hii miaka yake?”

“Ni hivyo tu. Tumeachia Mungu.”

Yule mama alinyoosha mkono pole pole, akakisogeza kikombe changu mbali na kile kibakuli. Hapo ndipo ilipoanzia. Wageni walipoondoka, Baba, ambaye hasemi mengi, alisema, “Umefunga mtoto na kamba ingine.”

“Afadhali hiyo,” Mama akajibu. “Hiyo mtu anaolewa nayo.”

Kliniki yetu ilikuwa Alhamisi. Tuliketi kwenye mabenchi marefu ukutani, na kila aliyeitwa alipoinuka, sisi wengine tulisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Nilijifunza kwamba pale hakuna anayekusalimia kwa sauti. Ukikutana na mtu wa Alhamisi sokoni, unamwangalia, anakuangalia, mnapitana. Muuguzi wetu alikuwa Sista Zainabu, mwanamke wa Majengo mwenye Kiswahili kinachotiririka, ambaye alituita kwa majina yetu bila kusoma kadi. Kwangu hiyo ilikuwa rehema kubwa. Kuna siku sikusikia jina langu likiitwa na mtu mwingine yeyote bila kufuatiwa na pole.

Kando yangu mara nyingi aliketi mama mmoja wa Gatitu na mtoto wake wa kiume, kijana mrefu asiyesema. Yule mama alikuwa akifuma sweta ya rangi ya kijani. Nilipima miezi yangu kwa hiyo sweta. Damu yangu ilipopimwa mara ya kwanza, kuona kiasi cha dawa, alikuwa amefika tumboni. Mara ya pili, kwapani. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa kwenye mkono wa pili, akamshikia kijana begani kuona kama itamtosha, na kijana akasimama wima akapimwa kama mwanajeshi. Alhamisi ya mwisho kabla sijaacha kwenda, yule mama alikuja peke yake. Sweta alikuwa ameivaa yeye. Hakuna aliyemuuliza. Tulisogea tu, tukamwachia nafasi.

Nimesema kabla sijaacha kwenda. Hapo ndipo penye kosa langu, na nitalieleza.

Dawa zilinirudisha. Hilo nalisema wazi. Kufikia Septemba niliweza kuoga, kucheka kidogo, kukama ng'ombe. Lakini zilikuja na bei yake. Nilinenepa mpaka jezi ikanikataa. Kiu ilikuwa inanikimbiza, nikawa natembea na chupa ya maji hata kanisani. Akina mama walipoiona ile chupa, na waliposikia kwamba natolewa damu kila mara, walitikisa vichwa. “Hiyo ndiyo sukari,” walisema. “Inakausha mtu.” Uongo wa Mama ukawa umepata mashahidi. Kwenye sherehe za kanisa kulikuwa na chupa moja ya chai iliyofungwa utepe mwekundu shingoni, ya wagonjwa wa sukari, na meza yake pembeni. Nikaketi hapo na nyanya wanne, mimi wa miaka ishirini na mbili, tukinywa chai yetu chungu huku wakinifundisha kuchunga miguu isipate vidonda. Nilikuwa nacheka moyoni, halafu nikifika nyumbani nalia.

Na mikono ikaanza kutetemeka. Si sana. Mtu asiyejua hangeona. Lakini nilipokwenda kwenye uwanja wa shule kujaribu, mpira ulitoka vidoleni mwangu ukizunguka kama chapati iliyorushwa vibaya. Nikaurusha tena, na tena, mpaka nikalia. Kwa ugonjwa wenyewe sikuwa nimelia hivyo. Ugonjwa ulikuwa umenichukulia miezi. Huu mtetemo ulitaka kunichukua mimi.

Novemba tukiwa tunachuma kahawa, Kocha Muriithi alinipigia simu. Alikuwa ameniona chuoni kabla sijaugua. Alifundisha timu ya wanawake ya kampuni moja ya kukoboa mpunga kule Kutus. Kwa timu kama hiyo kusajiliwa si kupewa jezi tu. Ni kazi ya ghalani, chumba cha kulala, na mahali pa kuitwa jina lako. Alisema, “Januari tuko na majaribio. Nataka hiyo mikono yako.” Nilisimama katikati ya kahawa na simu sikioni, na mkono ulioshika simu ulikuwa unatetemeka.

Wiki ya kwanza ya Desemba niliacha kumeza, na Alhamisi nikawa naaga naenda kliniki na sifiki. Hakuna aliyenishauri. Sikumwambia Sista Zainabu, na ningemwambia nini? Kwamba dawa iliyonipa kichwa changu inaninyima vidole? Nilikuwa nazitoa kwenye karatasi yake asubuhi, Mama akitazama, naweka chini ya ulimi, natoka nje natemea kwenye majani ya Napier ya ng'ombe. Kufikia Krismasi mikono ilikuwa imetulia kabisa. Niliishika mbele ya uso wangu nikaiona imesimama, nikamshukuru Mungu. Usifanye nilichofanya. Sina maneno ya kulipamba hilo.

Fomu ya timu ilikuwa na mahali pa kuandika ugonjwa. Niliiweka kwenye meza ya jikoni, kalamu juu yake. Mama aliisoma akiwa amesimama.

“Si uandike tu sukari,” akasema.

“Mama.”

“Watu wote wanajua ni sukari. Ukiandika hiyo ingine, hawatakuchukua. Wewe unafikiri kuna timu inachukua mtu wa hiyo ingine?”

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na nitalirudia. Siku ile niliandika sukari.

Majaribio ya Januari sijawahi kucheza vile. Kila mpira ulitoka mkononi ukiwa umekufa, hauzunguki, unakaa hewani ukimsubiri mpigaji. Kocha Muriithi alikuwa mtu wa kukunja mikono na kunyamaza, lakini alipita nyuma yangu akasema, “Mkono yako imetulia kama ya fundi wa saa.” Nikasajiliwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na furaha kubwa, na sasa najua kwamba sehemu ya furaha ile ilikuwa ugonjwa ukirudi kwa mlango wa mbele.

Kambini nilipewa chumba kimoja na Makena, mpigaji wetu mkuu, msichana wa Meru mwenye mabega mapana na moyo mpana zaidi. Aliposikia nina sukari, alimpigia simu shangazi yake ambaye anayo, akaulizia kila kitu. Alinitengea chai yangu kabla ya wengine. Alitembea na peremende mfukoni na soda ndogo kwenye begi, kwa sababu shangazi alimwambia sukari ikishuka mtu anaweza kuropoka, kutoka jasho, kugombana na watu, na dawa yake ni kumpa kitu kitamu haraka. Kila jioni aliniuliza, “Uko sawa? Hausikii kizunguzungu?” Nilimwambia niko sawa. Nilikuwa nimeanza kutolala, nikingoja tu alfajiri ili nikafagie uwanja wote kabla wenzangu hawajaamka. Kocha aliniita mfano wa kuigwa.

Ugonjwa ulipasuka Machi, kwenye mechi. Seti ya kwanza nilicheza vizuri. Ya pili nikaacha kuwapa wapigaji mpira, nikawa nausukuma mwenyewe ng'ambo kila mara, nikiwaambia wamechelewa, wote wamechelewa. Kocha akaomba kunitoa. Nikapanda ngazi ya refa nikaketi miguuni pake, nikaanza kuwapanga wachezaji wa timu zote mbili. Watu walicheka. Nilifikiri wananishangilia.

Makena alikuja mbio na ile soda. Alinishusha, akanikumbatia kichwa kwa kwapa lake, akanitia chupa mdomoni. “Kunywa, Wangeci,” alikuwa akisema. “Ni sukari imeshuka, kunywa tu kidogo, utakuwa sawa.” Nilimtemea usoni. Nayakumbuka yote, nasikitika kusema. Soda ikimtiririka shingoni, bado ananiambia nitakuwa sawa.

Wakanipakia kwenye gari la timu. Wakanipeleka kupimwa sukari, ikawa sawa. Ikapimwa tena, ikawa sawa. Waliokuwa na mimi walijibu walichoulizwa kwa walichokijua, kwamba mimi ni mgonjwa wa sukari. Baba alipopatikana kwa simu na kusema ukweli, ilikuwa jioni, na mambo yalikuwa yameharibika. Nilikuwa nimejaribu kuruka kutoka kwenye gari likienda. Makena alinishika kwa mkono wa kulia, mkono wake wa kupigia, mlango ukajifunga juu ya vidole. Viwili vilivunjika. Msimu wake uliishia hapo pamoja na wangu.

Wodi tena. Mvua ya njahi tena, nikiisikia juu ya mabati. Sista Zainabu alipata habari akaja kunitazama siku ambayo si Alhamisi, akavuta kiti.

“Ulikuwa umeacha lini?” akauliza.

“Desemba.”

“Kwa nini, mwanangu?”

Nikamnyooshea mikono. Dawa zilikuwa zimerudi, na mtetemo nao. Aliitazama.

“Wala hukuniambia,” akasema. “Hili lina maneno yake kwa daktari. Dozi huweza kutazamwa. Mtetemo usingeisha wote, lakini ungeniambia.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Baadaye daktari alibadilisha dozi, na mtetemo ukapungua. Haukuisha.

Julai ya pili, ukungu mlangoni, Kocha Muriithi na Makena walikuja Giakanja kuniletea begi langu na viatu. Makena alikuwa bado amefungwa bendeji. Niliposimama kumsalimia sikujua nishike mkono upi. Alinikumbatia tu.

“Nilikuwa nakuchunga,” akasema tulipoketi. “Hiyo ndiyo inaniuma. Si vidole. Nilikuwa nachunga ugonjwa wa mtu mwingine. Ungeniambia hiyo yako, ningeiona ikikuja. Nilikuwa naona haulali, nikasema ni bidii.”

Mama alileta chai. Alimimina ya Kocha akatia sukari, ya Makena akatia sukari, ya Baba akatia sukari. Yangu akaniwekea hivyo hivyo, akafunika kibakuli. Makena aliangalia kikombe changu, akamwangalia Mama.

“Mama, kwani bado?”

Mkono wa Mama ulibaki juu ya kifuniko. “Ni mazoea,” akasema, akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao Baba alikuwa ameshawatazama.

Kocha Muriithi alikunywa chai yake yote kabla ya kusema. “Kampuni imevunja mkataba kwa sababu ya fomu,” aliniambia. “Siwezi kupigania fomu ya uongo. Lakini Januari majaribio ni ya kila mtu. Kuja. Meza dawa yako, andika kile uko nacho, ucheze na mkono ile uko nayo. Nitaangalia.”

Baba, kwenye kona yake, alisema, “Hiyo ni haki.”

Nikaishi kwa neno lile miezi sita. Nilimeza kila asubuhi na kufungua mdomo kumwonyesha Baba, kwa kuwa ndivyo tulivyopatana. Nilirudi kwenye benchi la Alhamisi. Nilifanya mazoezi kwenye ukuta wa shule mpaka watoto wakanipa jina, mwalimu wa ukuta. Kahawa ikaiva, ikachumwa. Nilijifunza kuinua mpira kwa kuutangulia kidogo, kuushika chini zaidi, kuupa mtetemo mahali pa kujificha. Siku nyingine ulitii.

Januari nikaenda Kutus na Baba. Kwenye fomu niliandika jina la ugonjwa wangu kama lilivyo kwenye kadi, herufi kubwa. Mkono ulitetemeka, mwandiko ukawa wa mtoto, lakini ulisomeka. Nilicheza seti tatu. Mipira mingine ilikaa vizuri. Mara nne refa alipuliza filimbi kwangu. Msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kerugoya, seta kama mimi, hakupulizwa hata mara moja.

Kocha alinitafuta nikiwa navua viatu. Aliketi kwenye nyasi kando yangu, jambo ambalo hakulizoea.

“Nimechukua yule msichana,” akasema.

“Ni ugonjwa?”

“Nikisema si ugonjwa nitakuwa nakudanganya, na sisi tumechoka kudanganyana. Ni mkono. Lakini mkono ni dawa, na dawa ni ugonjwa, sasa sijui nitazitenganisha aje. Wakubwa waliuliza nani atakuwa anakuangalia huko kambi. Makena aliinua mkono. Ile iliyovunjika.”

“Na bado hapana.”

“Bado hapana.” Aling'oa nyasi. “Mwaka jana ulikuwa mgonjwa na nikakusajili nikishangilia. Mwaka huu uko mzima na nimekuacha. Usidhani sijui.”

Tulirudi nyumbani, Baba amebeba begi langu kama la mtoto wa shule.

Sasa lile swali la Mama, kama kuna timu inayochukua mtu wa hiyo ingine. Wengi huniuliza kwa njia yao: timu zisajili watu kama sisi au zisisajili? Zamani ningejibu haraka. Sasa namkumbuka Makena akipaka mafuta vidole viwili ambavyo havikunjiki vizuri, na haraka inaniisha. Nasema hivi tu. Kuna wagonjwa wengi wamesajiliwa tayari, wanacheza leo, wamemeza au wametema, na hakuna anayejua. Timu inawachukua bila kuulizwa. Anayesema ukweli ndiye anayewekwa mezani na kujadiliwa. Mimi naona tungejadiliwa sote, au asijadiliwe yeyote, na anayelala chumba kimoja nasi aambiwe achunge nini. Zaidi ya hapo sijui, na najua hasira inanisaidia kusema hata hayo. Nilitaka ile nafasi. Bado naitaka. Asubuhi nyingine naamka nikiwa nimeikosa upya.

Februari kanisa letu lilikuwa na sherehe ya shukrani, na zamu ya chai ilikuwa ya Mama. Sikutaka kwenda. Habari ya Kutus ilikuwa imefika kila mahali, kwamba Wangeci ameachwa na timu, na kwa watu sababu ilikuwa sukari. Nilipanga foleni ya kuosha mikono, nikaenda kwenye meza yangu ya pembeni. Nyanya walinisogezea nafasi. Mmoja alishika chupa ya utepe mwekundu anipe.

Mama alikuwa kwenye sufuria kubwa, aproni kiunoni, akichota chai ya watu wote. Aliniona. Aliacha upawa, akajaza kikombe, akaja nacho mpaka meza yetu akipita katikati ya watu. Akakiweka mbele yangu.

“Mama Wangeci,” mwenzake mmoja wa zamu akaita, “hiyo ni ya sukari.”

“Najua ni ya sukari.”

“Si atagonjeka?”

Mama alikuwa amesimama na mikono kwenye aproni. Niliona inatetemeka, mikono ya Mama, ambaye hajawahi kumeza dawa kama zangu.

“Huyu hana sukari,” akasema. Hakupaza sauti, lakini wanawake wa meza ya kwanza walisikia, na wa pili wakasikia kwa sababu wa kwanza walinyamaza. “Hajawahi kuwa nayo. Ni akili iligonjeka, akalazwa mara mbili. Mimi ndiye nilisema sukari.”

Nyanya aliyekuwa na ile chupa aliirudisha chini taratibu. Mama alibaki amesimama hapo, kama mtu aliyepanga foleni na hajui kama ataitwa, akiniangalia mimi tu.

Nikashika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu kwa mmoja kingemwagika. Chai ilikuwa tamu mno. Nilikuwa nimeisahau, na machozi yakanitoka mbele ya kanisa zima. Nilikunywa yote.